Buddenbrooks: Pesa ya Ukoo Ule Ilitokea Mlango Gani?

Kila anapofariki tajiri mkubwa na wanawe wakafikishana mahakamani, mazungumzo ya vijiweni na mitandaoni hufuata njia ileile. Mmoja atauliza: mtu aliyeacha mabilioni, inakuwaje watoto wanakopa nauli baada ya miaka kumi? Mwingine atajibu kwa msemo unaozunguka sana siku hizi, kwamba kizazi cha kwanza hujenga, cha pili hutunza, cha tatu hutapanya. Mjadala unafungwa hapo, lawama zimeshabebeshwa vijana wenye magari ya kifahari.

Msemo huo ni mtamu mdomoni, lakini haufafanui kitu. Hausemi pesa ilipotoka ilipitia mlango gani, nani alikuwa ameushika ufunguo, na kwa nini hakuna aliyepiga kelele. Kwa maswali hayo sijaona msaada mzuri kuliko riwaya moja ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1901, Buddenbrooks ya Thomas Mann. Mwandishi alikuwa na miaka 26 tu. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na waliomtunuku walikitaja kitabu hiki kuwa ndiyo sababu kuu. Kichwa chake kidogo kinatangaza mwisho tangu jalada: ni habari ya kuporomoka kwa familia. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba wanaishiwa, sijamharibia mtu utamu.

Unene wa kitabu huwatisha wengi. Waliokimaliza nao hubishana: kinapinga utajiri? Kinasikitikia utajiri uliopotea? Kinasema wasanii na biashara haviivi chungu kimoja? Yote hayo yamo. Lakini ukifuata tarakimu zake, na tarakimu zimo nyingi kuliko kawaida ya riwaya, utaona kinaeleza jambo moja kwa subira ya karani: pesa ya ukoo ule haikuliwa na anasa. Ilitoka kwa heshima, mchana kweupe, kupitia harusi, mirathi na nyumba.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi huzaliwa hapo. Tukisema fulani “ana pesa” huwa tumechanganya vitu vinne. Mchukue mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, Dodoma. Ana nyumba ya ghorofa mjini. Hiyo ni mali. Ina thamani, lakini hawezi kung'oa tofali akanunulia gunia. Ana fedha anazoingia nazo sokoni msimu wa mavuno: ananunua, anahifadhi, anauza, anarudi kununua tena. Huo ni mtaji, na kazi yake ni kuzunguka. Anacho kinachobaki akishauza na kulipa vibarua, maroli, ghala na ushuru. Hiyo ni faida, na hiyo ndiyo anayopaswa kula. Tena ana kitu cha nne kisichoandikwa kwenye daftari lolote: mkulima humwachia mzigo leo akasubiri malipo hadi wiki ijayo, kwa kuwa anamwamini. Hilo ni jina. Mwenye jina hufanya biashara kubwa kuliko mtaji wake. Jina likiingia doa, wadai wote hubisha hodi asubuhi moja.

Akina Buddenbrook ni watu wa kazi hiyohiyo. Wako Lübeck, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani ambao wakati huo ulikuwa unajitawala wenyewe, chini ya seneti iliyojaa wenye maduka makubwa na maghala. Wananunua nafaka kwa wenye mashamba wa Mecklenburg na Holstein, wanaipakia melini, wanaiuza mbali. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1768. Hadithi inafunguka Oktoba 1835 na kufungwa 1877. Tunakutana na mzee Johann, mwana wa mwanzilishi; mwanawe Jean, aliye konsuli, yaani mwakilishi wa nchi ya kigeni mjini; watoto wanne wa Jean, yaani Thomas, Christian, Antonie anayeitwa Tony, na Clara; halafu Hanno, mtoto pekee wa Thomas.

Hesabu hapo vizazi. Mwanzilishi, mzee Johann, Jean, Thomas: Thomas ni kizazi cha nne, na si mtapanyaji. Anaamka mapema, anavaa vizuri mpaka inakuwa ugonjwa, anaingia seneti, na anakufa akiwa na miaka isiyofika 50, hoi bin taabani, baada ya kuanguka barabarani akitoka kwa daktari wa meno. Msemo wa kizazi cha tatu umeshakwama kabla hatujafika mbali.

Kitabu kinaanza na karamu. Ukoo umehamia nyumba kubwa ya mtaa wa Mengstrasse, na wageni wanaonyeshwa vyumba, mazulia, picha za ukutani. Nyumba hiyo iliwahi kuwa ya ukoo wa Ratenkamp, walioijenga mwaka 1682, wakatajirika, kisha wakafilisika. Wageni wanalitaja jambo hilo huku wanakula nyama, kwa sauti ile tunayoitumia kumtaja jirani aliyehama usiku. Hakuna anayejiona yumo ndani ya habari hiyo.

Usiku huohuo kuna barua mezani. Gotthold, mtoto wa mke wa kwanza wa mzee Johann, alioa binti mwenye duka kinyume cha matakwa ya baba yake. Fungu lake alishapewa. Sasa anadai fidia kwa sababu nyumba imenunuliwa, naye ni mtoto kama wengine. Jean ni mcha Mungu kwelikweli, na moyo wake unamwambia ndugu wapatane. Halafu anapiga hesabu, anaona kiasi ambacho kampuni ingekosa, na anamshauri baba yake asilipe. Mann hamtukani wala hamtetei. Anachotuonyesha ni kwamba katika nyumba ile kuna mtu wa ziada asiyeonekana ambaye lazima ale kwanza, naye ni kampuni. Wengi wetu tunawafahamu wazazi wa namna hii: si wachoyo, ila duka ndilo kifungua mimba wao.

Sasa swali ambalo kila msomaji wa riwaya za zamani huuliza: hizo pesa ni kiasi gani kwa shilingi za leo? Sarafu ya Lübeck ya wakati huo iliitwa mark courant. Sheria ya sarafu ya Ujerumani ya mwaka 1873 ilipoleta mark mpya ya dhahabu, mark courant moja ilihesabiwa sawa na mark mpya 1.2. Mark mpya 2,790 zilitokana na kilo moja ya dhahabu safi. Kwa hiyo mahari ya Tony, mark courant 80,000, ingekuwa sawa na dhahabu ya kilo 34 na ushei.

Hesabu hiyo ni sahihi, na inapotosha. Kilo 34 za dhahabu leo haziwezi kukununulia vitu vilevile vilivyonunuliwa na fedha hiyo Lübeck, mji ambao kibarua alikuwa rahisi na kitambaa ghali, usio na umeme wala penseni. Thamani ya pesa haisafiri nzima kutoka karne moja hadi nyingine. Njia salama zaidi ni kuipima pesa kwa vitu vya palepale. Nyumba ya Mengstrasse, fahari ya ukoo, inakuja kuuzwa mwaka 1871 kwa mark 87,000. Basi mahari ya Tony ilikaribia kulingana na jumba zima. Gerda, mke wa Thomas kutoka Amsterdam, alikuja na mark 300,000, yaani majumba matatu na zaidi. Ukishika kipimo hicho cha jumba, kitabu kizima kinasomeka.

Hapa niweke wazi jambo litakalomchanganya msomaji wa kwetu. Tumezoea mahari kutoka upande wa mwanamume. Katika Uislamu ni haki ya mke mwenyewe. Katika mila nyingi za bara hupokewa na wazazi wake. Kwa matajiri wa Lübeck mkondo ulikuwa kinyume: baba wa binti ndiye aliyetoa, na fedha ziliingia mikononi mwa mume azisimamie. Binti mmoja akiolewa, kampuni ya baba yake inapoteza mtaji. Kijana akioa, kampuni inapata. Ndoa ilikuwa muamala mkubwa kuliko mzigo wowote wa nafaka, na ndiyo maana Jean anachunguza wachumba kama anavyochunguza wateja.

Uchunguzi huo ndio unaomponza. Bendix Grünlich, mfanyabiashara wa Hamburg, anakuja na ndevu zake za rangi ya dhahabu na maneno ya asali. Tony hamtaki. Anampenda mwanafunzi wa udaktari, mtoto wa kiongoza meli wa Travemünde, kijana mwenye mawazo ya uhuru na asiye na kitu mfukoni. Jean anaomba kuonyeshwa vitabu vya Grünlich, anaviona vimekaa sawa. Anauliza watu wa Hamburg, wanamsifu. Tony anasoma daftari la ukoo, lile linaloandikwa vizazi na vizazi, na anazidiwa na uzito wa majina. Anachukua kalamu na kujiandikia mwenyewe uchumba wake, tarehe 22 Septemba 1845. Hakuna aliyemshika mkono. Sehemu hii bado inanikera, na nadhani Mann alitaka inikere.

Miaka michache baadaye Grünlich anafilisika na ukweli unatoka. Vitabu vilikuwa vya kughushi. Wale waliomsifu Hamburg walikuwa wanamdai. Walitaka aoe binti wa tajiri ili nao walipwe. Hata baada ya harusi Grünlich aliendelea kukopa kwa sababu moja tu, kwamba baba mkwe wake ni Buddenbrook. Tumeona pale mwanzo kwamba jina ni mtaji usioandikwa. Hapa tunaona linaweza kukopewa na mtu mwingine bila mwenye jina kujua. Jean anapogundua, anamuuliza Tony kama anampenda mumewe, kwani jibu la ndiyo lingemlazimu kulipa. Tony anasema hapana, na baba anapumua. Mark 80,000 zimekwenda. Binti amerudi nyumbani na mtoto.

Ndoa ya pili ya Tony inafundisha jambo tofauti kabisa, na kwa kuchekesha. Alois Permaneder wa Munich anafanya biashara ya hopsi, mimea ya kukolezea bia. Anapokea mahari ya mark 51,000, anaiweka ipate riba, anajumlisha na kodi ya nyumba aliyonayo, anaona inamtosha kwa chakula na bia, anaacha kazi. Basi. Hakuiba, hakucheza kamari, hakudanganya. Tony anakasirika kana kwamba ameolewa na jambazi. Kwa akili ya Lübeck, pesa iliyolala benki ikimlea mtu mzima mwenye nguvu zake ni aibu. Pesa lazima ipandishe jina. Kwa Permaneder pesa ilishamaliza kazi yake siku ilipotosha. Wanaachana kwa sababu nyingine, usiku wa ulevi na mtumishi wa kike, na hapo Permaneder anafanya kitu ambacho Grünlich asingekiota: anarudisha mahari yote. Wasomaji wengi humkumbuka kama kituko. Mimi namwona kuwa mtu pekee kitabuni anayejua pesa yake ni ya nini.

Ukimuuliza mtu aliyekisoma kitabu hiki zamani kwamba akina Buddenbrook waliangushwa na nini, jibu la kwanza huwa ni mvua ya mawe. Inafaa tukae hapo kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe kinaeleweka Kagera kuliko Berlin. Mwenye shamba la Pöppenrade amebanwa na madeni, anahitaji fedha haraka. Tony anamletea kaka yake pendekezo: anunue mavuno yote yakiwa bado yamesimama shambani, kwa mark 35,000, bei ya chini kabisa. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaliita jambo hili butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa sababu ada ya shule au ugonjwa hausubiri msimu. Serikali imelipiga vita miaka na miaka, na kila mtu wa kule anajua nani hufaidika.

Thomas analijua pia. Jibu lake la kwanza ni hasira: ukoo wetu haujawahi kumnyonya aliyebanwa. Kuna kanuni ya babu waliyorithishana, kwamba mwanangu, fanya kazi zako kwa furaha mchana, lakini fanya zile tu zitakazotuacha tulale kwa amani usiku. Kisha anabaki peke yake usiku, anajiuliza kama kanuni hiyo ni uadilifu au ni woga wa mtu aliyechoka. Anakubali. Tarehe 7 Julai 1868, siku ya kuadhimisha miaka 100 ya kampuni, bendi ikipiga na wageni wakimiminika na pongezi, telegramu inaletwa: mawe yameanguka Pöppenrade, hakuna kilichobaki.

Ni sura nzuri mno, na uzuri wake umewapoteza wasomaji. Weka tarakimu kando kwa kando. Mvua ya mawe ilichukua 35,000. Miaka minne kabla, Clara, binti mdogo aliyeolewa na mchungaji Tiburtius wa Riga, alifariki bila mtoto. Alipokuwa kitandani alimwandikia mama yake kwa penseli, mkono ukitetemeka, akiomba urithi wake wa baadaye apewe mumewe. Mama akatoa mark 127,500, bila kumwambia Thomas anayeendesha kampuni. Ukijumlisha na zile za Grünlich, wakwe wawili peke yao wameondoka na mark 207,500, karibu mara sita ya hasara ya mawe. Mwaka 1866, vita vya Prussia na Austria vilipoiangusha kampuni moja ya Frankfurt, akina Buddenbrook walipoteza taleri 20,000, ambazo ni mark 60,000. Hiyo nayo haina bendi wala telegramu kati ya wageni, kwa hiyo hatuikumbuki.

Na Christian? Ndugu yake Thomas ndiye anayefanana na yule kijana wa msemo: klabu, tamthilia, magonjwa ya kujihisi, neva “fupi” za upande wa kushoto. Siku moja anatamka klabuni, mbele ya wafanyabiashara wa mji, kwamba ukitazama vizuri kila mfanyabiashara ni tapeli. Thomas anapandwa na wazimu, na si kwa kuwa neno hilo ni uongo wa kupuuzwa. Ni kwa kuwa linagusa jina, na jina ni mtaji. Lakini fedha ambazo Christian alipewa zilikatwa katika fungu lake mwenyewe la urithi. Aliaibisha zaidi ya alivyogharimu. Mlaji mwenye kelele huonekana haraka, na hilo humfanya awe kichaka kizuri cha kujifichia walaji wa kimyakimya.

Mlango mwingine mkubwa ulikuwa nyumba. Jean alipofariki mwaka 1855 mali ilihesabiwa kuwa mark 750,000 hivi, na Gerda akaja na 300,000 zake. Thomas akajenga nyumba mpya, kubwa kuliko majirani wote, kwa mark 100,000. Alihitaji? Familia ni yeye, mkewe na mtoto mmoja mgonjwa-mgonjwa. Alijenga kwa sababu alikuwa ameshachaguliwa seneta na mji ulikuwa unatazama. Turudi Kibaigwa: mfanyabiashara anayechota kwenye fedha za msimu ili amalizie ghorofa ya tatu hajapoteza hata senti kwa mujibu wa daftari. Mali yake ni ileile, imebadilika umbo tu. Msimu ukifunguka ndipo anagundua kwamba magunia anayoweza kununua yamepungua, na faida ya mwaka nayo imepungua, na nyumba inataka rangi, taa na watumishi. Thomas anajua. Usiku anajifungia akihesabu vitu vidogo, anaanza kubana matumizi ya jikoni, huku nje sura ya jumba ikisema kinyume.

Wakati huohuo dunia ya biashara inabadilika bila kuuliza mtu. Reli ilifika Lübeck mwaka 1851. Agosti 1868 mji ukaingia katika umoja wa forodha wa Wajerumani, ule waliobishana juu yake mezani tangu karamu ya 1835. Wenye mbio kama Hermann Hagenström, wasio na kanuni za babu wala picha za ukutani, wanaona nafasi na kuichukua. Hagenström ndiye anayekuja kununua nyumba ya Mengstrasse kwa zile 87,000. Tony analia hadharani, na Hagenström, kwa kweli, hana kosa lolote.

Sasa tumefika kwenye fundo lenyewe. Thomas anafariki mwaka 1875. Wasia wake unaagiza kampuni ivunjwe na kuuzwa ndani ya mwaka mmoja, kwani anajua Hanno, mtoto wa muziki na homa, hataiweza. Karatasi inasema urithi ni mark 650,000. Ukisoma haraka utasema: mbona bado ni matajiri? Majumba saba hayo!

Lakini 650,000 ilikuwa bei ya maghala, mizigo, madeni ya kudai na nyumba yakiwa mikononi mwa mtu anayejua kuyazungusha. Ukiuza vyote ndani ya miezi kumi na miwili, kila mnunuzi mjini anajua tarehe yako ya mwisho. Anasubiri. Msimamizi wa mirathi, Kistenmaker, anauza kwa pupa na kwa hasara, vipande vinaondoka kwa bei ya kutupa, na wanaodai malipo wanajitokeza mmoja baada ya mwingine. Mjane anaiuza nyumba kubwa kwa hasara na kuhamia nyumba ndogo nje ya lango la mji. Kile kilichoitwa utajiri kilikuwa uhusiano kati ya vitu, watu na muda. Muda ulipoondolewa, vitu vilibaki vitu. Ndiyo sababu mirathi nyingi tunazosikia kwenye habari huyeyuka hata pale ambapo hakuna aliyeiba: warithi wanataka mgawo sasa, na “sasa” ndiyo bei mbaya kuliko zote sokoni.

Atatokea mtu aseme basi dawa ni kukaa na fedha taslimu, uachane na majumba. Ujerumani ileile ina jibu, miaka 46 baada ya mwisho wa hadithi. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifika mark trilioni 4.2. Waliokuwa wameweka akiba benki, waliokuwa wanaishi kwa riba kama Permaneder, waliamka na karatasi. Waliokuwa na nyumba walibaki na nyumba, na wenye madeni walilipa mkopo wa maisha kwa bei ya mkate. Mwaka 1875 kilichowaponza akina Buddenbrook kilikuwa kuuza vitu kwa pupa ili wapate fedha. Mwaka 1923 fedha ndiyo iliyomponza aliyeishika. Hakuna umbo moja la pesa lililo salama nyakati zote, na anayekuuzia umbo hilo moja, awe wa viwanja au wa hati fungani, anakupa nusu ya habari.

Swali la mwisho ambalo huulizwa sana ni kama yote haya yalitokea kweli. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Thomas Mann alizaliwa Lübeck mwaka 1875. Baba yake alikuwa seneta na mfanyabiashara wa nafaka. Mwaka 1890 kampuni yao ilisherehekea miaka 100, mwaka uliofuata baba akafariki, na wasia ukaagiza kampuni ivunjwe. Mwandishi alikuwa na miaka 16. Kitabu kilipotoka, watu wa Lübeck walipitishiana orodha za nani ni nani. Baba mdogo wake, Friedrich, aliyejiona ndani ya Christian, alilipia tangazo gazetini mwaka 1913 akimwita mpwa wake ndege anayechafua kiota chake mwenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo wachambuzi hulipita haraka, nami hulifurahia. Mama alihamia Munich na watoto. Kijana Thomas aliacha shule, akafanya kazi miezi michache katika kampuni ya bima ya moto, akaacha. Aliishi kwa fungu la kila mwezi lililotokana na riba ya mali ya baba yake. Yaani alikaa Munich, hana kazi, anakula riba, sawasawa na Permaneder aliyemchora. Kwa fedha hiyo alianza kuandika akiwa Italia mwaka 1897 na kumaliza mwaka 1900. Mchapishaji Samuel Fischer alimwomba akipunguze kitabu kwa nusu, akakataa. Nakala za kwanza, 1,000 katika juzuu mbili za bei ghali, zilitoka polepole. Kilipotolewa katika juzuu moja kwa bei nafuu mwaka 1903 ndipo kilipoanza kukimbia.

Asiye na muda wa kurasa zote anaweza kuanza na sehemu ya nne, kufilisika kwa Grünlich, kisha aruke hadi sehemu ya nane kwa Pöppenrade na karamu ya miaka 100. Ashike kalamu. Kila tarakimu inapotajwa aiandike pembeni, na kando yake aandike nani aliyeipokea.